Safu ya Chakula Haikuwepo

Maneno ya mjumbe wa kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka

Nimepewa dakika kumi. Mimi ni mhasibu, si daktari, kwa hiyo mtanivumilia nikizungumza kihasibu. Ya kitabibu nimeyasoma na kuwauliza wanaohusika, lakini ya mgonjwa wako mwulize daktari wake.

Sisi wa Kilimanjaro tumo ndani ya ukanda wa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ukanda huo unaanzia Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Sidhani kama humu ukumbini kuna ukoo usiomjua mzee aliyeanza kwa kukwamwa na ndizi, akahamia kwenye uji, akaishia kwenye maji.

Shangazi yangu alikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa ukoo. Tulichanga vizuri, na daftari nililitunza: nauli, vipimo, damu, kitanda, dawa, posho ya msindikizaji. Kila risiti ilikuwepo. Alipofika kwa daktari wa upasuaji akapandishwa kwenye mizani, na tukaambiwa mwili ule hauwezi kuhimili kisu. Tulikuwa tumetumia wiki saba kuchanga, na wiki zote saba yeye alikuwa nyumbani anakunywa chai ya rangi na uji mwepesi. Hakufika kwenye upasuaji. Baada ya mazishi nililifungua lile daftari tena. Safu ya chakula haikuwepo.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya mjomba. Ana miaka 68, na kutoka kilo 62 alikuwa ameshuka hadi 51 ndani ya miezi mitano. Hiyo ni karibu asilimia 18. Chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, ambacho madaktari wengi hufuata miongozo yake, kinasema mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ndani ya miezi sita yuko kwenye hatari kubwa. Alishwe kwanza siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama ni wa saratani na hata kama tarehe itabidi kusogezwa. Mwanzoni jambo hili lilinishangaza, maana sisi huku nje tunahesabu siku tu. Lakini kidonda kinafungwa kwa protini, na kinga inayozuia usaha nayo inaitegemea. Mzee asiyepata protini kwenye sahani, mwili wake unaichota kwenye misuli yake mwenyewe.

Nikachukua kalamu. Mgonjwa mzee anahitaji kama gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Kwa mjomba ni kati ya gramu 61 na 76. Nikapiga hesabu ya alichokuwa anakunywa: hakikufika gramu 15.

Daktari na mtaalamu wa lishe wakatupangia. Bado alikuwa anameza vitu laini, kwa hiyo hakuwekewa mrija. Vikombe vitatu vya maziwa, gramu 24. Mayai mawili yaliyoiva, yakapondwa ndani ya uji, 12. Kikombe cha maharage yaliyochujwa maganda, 15. Mtori wenye nyama ya kusaga, kama 15 nyingine. Jumla 66. Parachichi na siagi ya karanga tukaongeza kwa ajili ya nguvu. Alikula mara sita kwa siku, kidogo kidogo, na shangazi mdogo akawa anaandika kila kikombe. Uzito uliongezeka kilo moja tu, lakini uliacha kushuka.

Angalizo moja: mtu aliyekaa siku tano au zaidi bila kula karibu chochote asijazwe chakula kwa mkupuo. Chumvi za damu zinaweza kuvurugika mpaka moyo ukashindwa. Huyo aanzie hospitalini, polepole.

Kulikuwa na maneno pia. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia mjomba aache maziwa na nyama kwa kuwa vinalisha saratani. Kumnyima mgonjwa chakula hakuui saratani. Kunammaliza yeye.

Baada ya upasuaji alilishwa kwa mrija kwanza, kisha kwa kijiko, na siku za mwanzo tu wauguzi walimsimamisha na kumtembeza. Nilidhani wanamtesa. Kumbe kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007: wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Wazima hao, bila kisu wala ugonjwa. Nasi tukienda kumwona mgonjwa tunamwambia, “Pumzika, mzee, usisumbuke.”

Sasa nije kwenye fedha. Kamati inaomba mfuko wa matibabu uwe na kifungu cha chakula: wiki mbili kabla ya upasuaji na wiki mbili baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Kwa bei tulizokusanya sokoni ni shilingi 6,000 kwa siku, yaani 168,000 kwa siku 28. Tumekadiria wagonjwa 15 kwa mwaka, jumla 2,520,000. Kila mmoja hapa anajua gharama ya kusafirisha mwili mmoja kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani, na fedha hiyo hatujawahi kushindwa kuipata kwa siku mbili.

Tunaomba pia mizani nne, moja kwa kila zahanati ya kata yetu, ili mzee akianza kulalamika chakula kinakwama apimwe siku hiyo hiyo na kuandikwa kwenye kadi. Nanyi mtakaopanda Desemba, msisubiri mizani. Mwangalieni baba kama mkanda umetobolewa tundu jipya, au kama meno ya bandia ya mama yanacheza mdomoni. Ukiona hivyo, au ukisikia chakula kinakwama, usirudi mjini kabla hajaonana na daktari.

Mjomba yuko pale nyuma, karibu na spika, mwenye koti la kijivu. Chakula chake cha jioni ni cha saa moja, na sasa ni saa moja kasoro dakika tano, kwa hiyo naomba wahudumu wamtangulizie sahani ndogo. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya kushoto.