Mbuzi wa Sikukuu: Tumchague Vizuri, Tumpike Vizuri, Tumle kwa Salama

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kibiti na delta ya Rufiji)



Leo tuzungumze juu ya nyama ya sikukuu. Kila mtu anapenda nyama ya sikukuu. Mtoto anaisubiri, mzee anaisubiri, hata paka wa nyumbani anaisubiri. Lakini nyama hiyo hiyo yaweza kuleta furaha, na yaweza kuleta msiba. Tofauti ni namna tunavyochagua, tunavyochinja na tunavyopika.

Huko Ulaya na Marekani watu wengi husherehekea Krismasi kwa paja la nguruwe. Hulipaka chumvi, hulikausha kwa moshi, kisha hulioka. Huku kwetu wengi wetu ni Waislamu, na paja la sikukuu ni paja la mbuzi. Mbuzi ndiye huchinjwa siku ya Idd, na kwa majirani zetu Wakristo ndiye huchinjwa siku ya Krismasi. Mara nyingi Mkristo humwita Mwislamu amchinjie, ili majirani wote wale pamoja. Basi habari ya mbuzi inatuhusu sote.

MBUZI ANATOKA WAPI?

Zamani Rufiji haikuwa nchi ya mifugo. Mbung'o walikuwa wengi, na ugonjwa wa nagana uliua ng'ombe. Watu wa bonde walijua mpunga, muhogo, mnazi na samaki. Mwaka 2006 serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Wengi wao walikuja na mifugo yao mikoa ya Pwani na Lindi. Tangu hapo mbuzi na ng'ombe wamekuwa wengi kwetu.

Mfugaji anamjua mbuzi tangu utotoni. Lakini mkulima wa mpunga au mvuvi, je? Yeye huja mnadani na fedha mkononi, na sikukuu ni kesho kutwa. Muuzaji anajua kuwa mnunuzi ana haraka. Hapo ndipo mtu huuziwa mgonjwa.

KUMCHAGUA MBUZI

Kwanza, nenda mapema. Usingoje siku ya mwisho. Ukienda mapema utachagua. Ukichelewa utapewa kilichobaki.

Pili, mtazame akiwa amesimama katika kundi. Mbuzi mzima huchangamka, hula, hutembea na wenzake. Mbuzi anayejitenga na kuinamisha kichwa, mwache. Manyoya yawe yamelala na kung'aa. Yakisimama kama ya mtu mwenye baridi, kuna homa.

Tatu, mshike. Fungua ukope wa chini wa jicho. Ndani pawe pekundu. Pakiwa peupe kama karatasi, minyoo wanamnyonya damu. Tazama pua: isitoke makamasi. Tazama nyuma: mkia uwe mkavu. Mavi ya mbuzi mzima ni magumu, mviringo kama punje. Akiwa amechafuka mkiani, anahara.

Nne, mpapase mgongo, pale nyuma ya ubavu wa mwisho. Ukigusa mifupa mitupu, umenunua mifupa. Ukigusa nyama iliyojaa, hapo ndipo pa kuweka fedha.

Tano, tazama meno ya mbele. Mbuzi ana meno ya mbele taya la chini tu, nayo ni manane. Yote yakiwa madogo, bado ni mchanga. Makubwa mawili ya katikati yakiota, amepita mwaka mmoja. Makubwa manne, ana kama miaka miwili. Yakiwa makubwa yote manane, ni mzee: nyama yake ni ngumu, yafaa supu.

Beberu mzee ananuka, na harufu huingia katika nyama. Ndafu, yaani dume aliyehasiwa na kunona, ndiye mtamu kuliko wote. Mbuguma mwenye mimba usimchinje. Umeua wawili ukala mmoja, na mwakani zizi litakuwa tupu.

Kwa Idd el-Hajj masheikh hutufundisha kuwa mbuzi asiwe kipofu, wala kiwete, wala mgonjwa, wala aliyekonda mno. Awe ametimiza umri, na achinjwe baada ya sala ya Idd. Habari ya umri muulize sheikh wako. Tazama basi: mafundisho ya dini na mafundisho ya Bwana Mifugo yanakwenda pamoja.

Tena muulize muuzaji: "Mbuzi huyu kapigwa sindano lini?" Dawa hukaa katika nyama siku kadhaa. Kila dawa ina siku zake, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Wewe sasa unajua kusoma. Omba chupa usome.

NYAMA RAHISI

Sasa tuseme neno lililo zito. Karibu na sikukuu mtu aweza kuja na nyama ya bei ya kutupa. Ukimwuliza, atasema mbuzi alianguka, au alivunjika mguu, wakamuwahi na kisu. Huenda ni kweli. Huenda ni kibudu.

Ndugu zangu, mnyama aliyekufa ghafla ni hatari kubwa. Kuna ugonjwa unaitwa kimeta. Mnyama hufa kwa ghafla, tumbo huvimba upesi, na damu isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Mnyama huyo hapasuliwi, hachunwi, haliwi. Usiseme, "Tutachemsha sana." Vijidudu vya kimeta ni vigumu kufa, hata maji ya moto hayatoshi kuviamini. Tena anayechuna huambukizwa kabla ya nyama kufika jikoni. Mwite Bwana Mifugo, naye ataonyesha jinsi ya kuuchoma au kuuzika mzoga kwa kina.

Kuna na homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2007 homa hiyo iliingia mikoa kadhaa ya Tanzania, Dodoma na Morogoro ikiwemo. Watu zaidi ya 100 walikufa. Huja baada ya mvua kubwa, mbu wanapozaliana. Sisi wa bonde tunajua maji. Mafuriko ya mwaka 2024 hatuyasahau. Ukisikia mbuzi wengi wanatupa mimba na watoto wao wanakufa, jihadhari. Mtu huambukizwa kwa kung'atwa na mbu, na kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa.

Mbuzi akifa, hasara ni ya mwenye mbuzi. Kibudu akiliwa, hasara ni ya kijiji kizima. Kama fedha ya mbuzi haipo, kula samaki na ubwabwa wa nazi. Hiyo nayo ni sikukuu. Au nyumba tatu nne zichange, zinunue mbuzi mmoja mzima.

KUCHINJA

Ndugu wa visiwani, wa Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni na Maparoni, mbuzi wenu husafiri kwa chombo. Msimrundike miguu imefungwa jua lote. Anaumia, na nyama inavilia damu. Afike siku mbili tatu kabla. Apumzike, apewe majani na maji baridi, si maji ya chumvi. Usiku wa kuamkia kuchinjwa asile, lakini maji apewe. Mbuzi aliyetulia hutoka damu vizuri, na nyama yake ni laini.

Chinja asubuhi na mapema. Kisu kiwe kikali, wala usikinoe mbele yake. Mtundike mtini, au tandika majani safi ya mgomba. Nyama isiguse tope.

Mwite Bwana Mifugo akague. Akichelewa, tazama mwenyewe huku ukimngoja. Ini liwe laini, la rangi moja. Ukikuta minyoo bapa kama majani ndani ya ini, ini hilo usile. Ukikuta malengelenge ya maji kwenye ini au mapafu, yachome au yafukie chini kabisa. Usimtupie mbwa. Mbwa akiyala, ugonjwa hurudi kwa watoto wanaocheza naye.

Kwa jirani anayekula nguruwe siku ya Krismasi, neno moja tu. Nyama yenye vinundu vyeupe kama punje za mchele ina tegu. Usiile. Na iliyo safi iive hadi ndani. Tegu wa nguruwe aweza kufika kwenye ubongo wa mtu na kumletea kifafa.

KUPIKA PAJA

Haya, tuingie jikoni. Paja la kilo mbili, lichanje chanje kwa kisu. Twanga kitunguu saumu kichwa kimoja na tangawizi ya kiasi cha kidole. Kamulia ndimu tatu. Tia chumvi vijiko viwili vya chai na pilipili manga kidogo. Kama nyama ni ngumu, kuna papai bichi, vijiko viwili vya kulia. Paka kote, ngoja saa moja au mbili. Ukilaza papai usiku kucha nyama itakuwa uji.

Tia sufuriani na maji kidogo, funika, chemsha kwa moto mdogo. Baada ya saa moja na nusu hivi, choma kwa uma. Ukiingia bila nguvu, paja limeiva. Supu iliyobaki usiimwage, pikia pilau.

Kisha weka paja juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Huku ukigeuza, paka tui zito la nazi mara kwa mara, mpaka liwe na rangi ya dhahabu. Mchele wa bonde, nazi ya kwetu, paja la mbuzi. Nani atatamani kingine?

KUWEKA NYAMA

Jua la Desemba kwetu ni kali, na sikukuu za Idd huzunguka misimu yote. Nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili. Anza kupika utumbo na ini. Nyama ya akiba ikate vipande virefu, unene wa kidole gumba. Paka chumvi, banika juu ya moshi mpaka ikauke. Akina mama wa delta mnajua kubanika samaki. Njia ni ile ile.

KULA

Gawa. Wengi hugawa mafungu matatu: la nyumbani, la ndugu na majirani, na la maskini. Kwa wazee wasio na meno peleka supu. Na tusisahau aliyekaa jikoni tangu alfajiri. Mama asile mifupa tu. Yeye na watoto wapewe minofu kama wengine. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi na mafuta. Wote tunawe mikono kwa sabuni.

Sikukuu njema ni ile ambayo siku ya tatu yake hakuna anayebebwa kwenda zahanati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Utajuaje kuwa mbuzi ana minyoo kabla ya kumnunua?
2. Kwa nini kuchemsha sana hakutoshi kwa nyama ya kibudu?
3. Katika kijiji chenu nani ataitwa kukagua nyama siku ya sikukuu? Mmekwisha kupatana naye?