Anayeombea Naye Aombewe

Somo lililotolewa Ngara katika ibada ya maombi, siku za maadhimisho ya ushirika wetu
Andiko la msingi: Yakobo 5:13–16

 

Wapendwa, nawasalimu ndugu wa Kirehe na Kayonza mliovuka daraja la Rusumo, na ninyi wa Muyinga mliopita Kobero. Nawasalimu wa Uganda mliozunguka na Mutukula, safari ndefu hiyo, na wenyeji wetu wa hapa Ngara mliotupikia tangu jana. Na wewe ambaye hukuweza kufika, unayesoma somo hili ukiwa nyumbani, jihesabu umeketi nasi kwenye benchi hili.

Nilipoambiwa nifundishe juu ya kuombea wagonjwa, nilitaka kukataa. Nikamwambia mwenyekiti, mtafute mwingine. Akasema, "Mzee, wewe ndiye unayeongoza kikundi cha maombi miaka yote hii." Ni kweli. Na ndiyo sababu nilitaka kukataa. Hebu niwasimulie.

Alikuwapo dada mmoja katika kikundi chetu. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake, ila jina ameomba libaki kwake. Dada huyu alipatikana na kifua kikuu, akaanza dawa. Baada ya miezi miwili hivi kikohozi kilikata, mwili ukarudi, akaanza tena kuja kwenye mkesha. Usiku mmoja tukamwekea mikono, tukaomba kwa nguvu, na mimi nikampa kipaza sauti ashuhudie. Alipomaliza, nikasema mbele ya watu wote: "Dada, Yesu akishakuponya, vidonge vya nini tena?"

Vigelegele vilipigwa, jamani! Nami nilirudi nyumbani nikijiona mtumishi mkubwa.

Dada akaacha vidonge.

Baadaye hakuonekana tena ibadani. Wiki ya kwanza nikasema yuko shambani. Wiki ya tatu nikasema amepoa kiroho. Sikwenda kumwona. Nilipokwenda, miezi ilikuwa imepita. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, kanga imemzidi mwili, binti yake mdogo ndiye anayehangaika na moto wa kupikia. Akainua uso akaniambia, "Mzee, nisamehe. Nimekosa imani."

Mnanisikia, wapendwa? Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha!

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Nikamwambia, "Dada, hukukosa imani. Uliniamini mimi, na mimi nilikwambia neno ambalo Mungu hakunituma." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi niombee tena, mzee. Lakini leo nami nikuombee." Nikaomba kwa Kiswahili, maneno yakaniishia upesi. Yeye akaomba kwa Kirundi, lugha ya mama yake, akimwita Imana kwa sauti ya chini. Sikuelewa kila neno. Jina langu nililisikia, na nililia kama mtoto.

Kesho yake tulikwenda naye kituo cha afya. Muuguzi alitugombeza, na alikuwa na haki. Alipimwa makohozi, akaanza dozi upya, na watoto wake nao wakapimwa. Kwa neema ya Mungu dawa zilimkubali. Alimaliza miezi yake yote, akapona. Namtukuza Mungu kwa hilo. Lakini kuna mgonjwa wa pili aliyeponywa katika habari hii, naye ndiye anayesema nanyi sasa. Ugonjwa wake ulikuwa kiburi.

Sasa soma tena Yakobo 5. Sisi tunapenda ule mstari wa wazee na mafuta. Tunaishia hapo. Lakini Yakobo anaendelea. Anasema tuungamiane dhambi, tena tuombeane. Angalia neno lenyewe: *ombeana*. Si kazi ya mmoja aliyesimama kwa mmoja aliyelala. Ni ya pande mbili, kama vile kupendana na kusaidiana. Anayeombea naye aombewe.

Wazee waliotutangulia katika nchi zetu hizi walilijua jambo hilo. Ukivuka Rusumo ukashika njia ya Kayonza, si mbali na hapo iko Gahini, juu ya ziwa Muhazi. Palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake, Joe Church, Mwingereza, alikuwa amechoka mwili na roho baada ya kuhudumu wakati wa njaa. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wawili hao wakasoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Fikiria nyakati zile za ukoloni: daktari Mzungu anaketi na Mwafrika, kila mmoja anakiri upungufu wake.

Kisha kulikuwa na Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali hiyo hiyo. Kazini mambo hayakuwa mazuri, manung'uniko yalikuwa mengi. Alipokwenda kwa Nsibambi alitarajia kuonewa huruma. Nsibambi akamwuliza habari za moyo wake mwenyewe. Yosiya alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Katika miaka ya 1930 moto ule ukavuka mipaka: Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya. Wale hawakuwa Wapentekoste, lakini wengi wetu bibi zetu waliokoka katika uamsho ule. Nami hunigusa sana kwamba ulichipukia hospitalini. Dawa zilikuwapo, daktari alikuwapo, na bado watumishi wenyewe walihitaji kuponywa.

Basi tuombeaneje? Nina mambo matano. Yaandike.

1. Uliza kwanza. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu anaona. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Sisi tunarukia kukemea kabla hatujasikia. Pengine mama amekuja na mguu unaouma, lakini kinachomwua ni mume asiyeongea naye mwaka wa pili. Uliza, kisha nyamaza usikie. Na ukitaka kumwekea mikono, mwombe ruhusa.

2. Usiwe peke yako. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne. Majina yao hatuyajui, na hakuna hata mmoja aliyesema "huduma yangu". Nendeni wawili au watatu, na kama mgonjwa ni mwanamke, awepo mwanamke. Inalinda heshima ya mgonjwa, na inamlinda mtumishi na majivuno.

3. Funika siri. Tunajuana, wapendwa. "Tumwombee dada fulani, mnajua yaliyompata…" Hayo ni masengenyo yaliyovalishwa kanzu ya maombi. Siku hizi ukiandika kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, mchana limefika Bujumbura. Siri ikivuka mpaka haiulizwi pasipoti! Yakobo anataka tuungamiane, na hakuna atakayeungama kwetu kama vifua vyetu vinavuja.

4. Usimwondolee mtu dawa. Nasema hili kwa machozi. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa kwa miezi sita, na mgonjwa huanza kujisikia vizuri mapema, vijidudu vikiwa bado ndani. Akiacha, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Yesu alipowaponya wale wenye ukoma kumi, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa wapimaji kwa sheria ya Musa (Luka 17:14). Kama Bwana hakuogopa vipimo, sisi tunaogopa nini? Msamaria mwema alitia mafuta na divai kwenye jeraha, akalipa na gharama ya nyumba ya wageni. Mwambie mgonjwa: meza dawa yako, na mimi nitaomba. Na kama hana nauli ya kwenda kliniki, sadaka yako ya maombi ianzie hapo.

5. Rudi. Hapa ndipo nilipoanguka zaidi. Niliomba kwa saa mbili, kisha nikakaa miezi bila kubisha hodi. Ukisema amina, andika siku utakayorudi.

Lakini mtu ataniuliza: je, tukiomba na mgonjwa asipone? Wapo wapendwa tuliowafungia siku tatu na bado tukawazika. Mimi sitakuja hapa nikawapa jibu jepesi. Nitawaambia tu kwamba Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Mwiba wake mwenyewe aliuombea mara tatu, akapewa neema. Tusimwongezee mgonjwa mzigo wa hatia juu ya mzigo wa maumivu. Mshike mkono. Kaa naye. Huo nao ni uponyaji.

Namaliza. Kitabu cha Ayubu 42:10 kinatuambia Bwana aligeuza hali ya Ayubu pale alipowaombea rafiki zake, wale wale waliomwumiza kwa maneno. Yule dada aliniombea mimi niliyemwumiza. Sasa mgeukie jirani yako. Usimwulize anatoka upande gani wa mto. Mwulize, "Nikuombee nini?" Akishasema, nawe mwambie, "Na mimi niombee hili." Wewe unayesoma nyumbani, kuna jina lililokujia ulipokuwa unasoma. Nenda kwa mtu huyo kabla ya Jumapili. Kama ulimkosea, anza na magoti.

Baba wa mbinguni, tuponye sisi tunaoombea wengine. Tuondolee kiburi na midomo myepesi. Wakumbuke wagonjwa wetu ng'ambo zote za Kagera, na mikono ya waganga na wauguzi wanaowahudumia. Utufanye tuombeane hata utakaporudi. Katika jina la Yesu.

Na watu wote waseme: Amina!