Tuta la Nyasi: Maneno Waliyoambiwa Waamini na Walimu Siku ya Jubilei



Tumepewa kazi ya kusema machache juu ya jambo hili: mtu akipatwa na shida, afanyeje ili shida ile isimvunje bali imkuze? Hatukuja na maneno ya mbali. Tutasema habari za tuta, lile tuta la mviringo ambalo wengi wetu tumelikanyaga tangu utoto, na ambalo kwa Kifipa huitwa intumba.

Fikirini kwanza nchi yetu ilivyo. Uwanda huu wa Ufipa uko juu sana. Hapa Sumbawanga tupo yapata mita 1,800 juu ya bahari. Baridi ya Juni na Julai mwaijua, na miti ni haba. Jirani zetu wa kusini, Wabemba wa Zambia, desturi yao ya kale ni kukata matawi ya miti, kuyarundika na kuyachoma, kisha kupanda ulezi katika majivu. Basi wazee wetu, wasio na msitu wa kutosha kuchoma, wangefanyaje? Walikuwa na nyasi tu, nazo nyasi ni adui wa mkulima. Walakini walimtazama adui yule vizuri, wakamfanya mtumishi wao.

Mvua zinapokaribia kwisha na udongo ungali laini, hukata nyasi pamoja na mizizi na udongo wake, huzirundika majani yakielekea ndani, kisha huzifunika kwa udongo. Juu ya tuta hupanda maharage. Huko ndani, gizani, nyasi zaoza pole pole. Maharage yakisha vunwa, tuta hukaa kiangazi chote. Mvua mpya zinaposhuka, tuta hubomolewa, udongo ule mweusi hutandazwa shambani, ndipo ulezi hupandwa. Wamambwe nao wana desturi kama hii, nao huiita fundikila.

Sasa yatupasa kuungama jambo letu wenyewe. Miaka kadha iliyopita sisi walimu wa parokia tulikuwa na shamba dogo. Udongo wake ulikuwa umechoka. Tulingoja mbolea ya dukani. Ikachelewa, na mvua haikungoja. Mahindi yetu yalitoka ya manjano, membamba kama ufito. Ng'ambo ya kijito lilikuwako shamba la mama mmoja mjane, na ulezi wake ulisimama vizuri. Je, tulikwenda kumwuliza? La! Watu walianza kunong'ona kwamba mama yule avuta rutuba ya mashamba ya wenzake usiku kwa uchawi. Sisi tuliosoma hatukusema neno hilo, lakini tulilisikia tukanyamaza. Na kunyamaza kwetu kulikuwa kama kuitikia.

Ndugu, mwajua jina la mji wetu. Wazee hutuambia kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Twakaa katika mji wenye jina hilo, walakini shida ikija swali letu la kwanza ni "Nani?" Nani amenifanyia hivi? Swali hilo halijapata kuotesha hata punje moja. Limefukuza wajane katika nyumba zao na kutenga ndugu na ndugu. Swali lifaalo ni "Kwa nini?" Kwa nini shamba hili limekauka, na lile limestawi?

Siku moja mwenzetu mmoja aliona haya, akavuka kijito, akamwamkia mama yule na kumwuliza. Mama alicheka. Akashika jembe, akakata tuta moja katikati, akamwonyesha nyasi zilizooza ndani yake. "Uchawi wangu ndio huu," akasema. "Mama yangu alinifundisha. Ninyi huzichoma nyasi zenu, mimi nazizika."

Basi tulianza. Tulikuwa watu sita, tukapatana kwamba kila mtu atengeneze matuta matano kila jioni kabla ya giza, wala asizidishe leo ili apumzike kesho. Jioni ya kwanza kazi ile ilionekana ni ya kuchekesha, matuta 30 katika shamba zima! Lakini kwa jioni 20 yalitimia 600. Mwaka ule tulikula maharage yetu, na mwaka wa pili tukavuna ulezi, si wa ajabu, lakini wa kutosha kula na kuuza kidogo. Nasi tulisimama mbele ya watu kijijini, tukasema wazi kwamba mama yule hana kosa lo lote, na ya kuwa sisi tulikosa kwa kunyamaza. Minong'ono haikwisha siku ile, maana neno likisha toka halirudi. Lakini msimu uliofuata watu walivuka kijito na majembe yao, wakaomba kufundishwa.

Katika habari hii twaona mafundisho matatu kwa kila mtu atakaye kukua.

La kwanza, anza na kile ulicho nacho. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Wazee wetu hawakungoja msitu uote. Hatusemi kwamba mbolea ya dukani ni mbaya. Mahindi yapenda chakula kingi, na tuta pekee huenda lisitoshe. Tena tuta ni kazi ngumu ya mgongo. Lakini anayeingoja mbolea huku ameketi hana kitu. Anayeingoja huku akilima ana maharage.

La pili, kila kazi ina majira yake. Tuta hufanywa udongo ungali na unyevu. Ukikauka, jembe hudunda. Kijana asemaye "nitajifunza hesabu karibu na mtihani" anagonga udongo mkavu. Tena nyasi hazilazimishwi kuoza. Fanya sehemu yako ya leo, kisha uache siku zifanye sehemu yao.

La tatu ndilo gumu: tuta lazima libomolewe. Likisha zaa maharage, mtu hulipenda, asitake kuligusa. Lakini asipolibomoa, rutuba yake haitafika shambani. Ndivyo alivyo mwalimu aliyefaulu zamani kwa njia moja, akaishikilia miaka 20 hata imekufa mikononi mwake. Ndivyo alivyo fundi asiyemwonyesha mwanafunzi siri ya kazi yake. Mafanikio yako ya jana yavunje, uyatandaze, wengine wapande juu yake.

Na nyasi za moyoni je? Yaani machungu tuliyotendewa? Mkumbukeni mzee Adrian Atiman, mganga wa Karema. Alizaliwa mbali, katika nchi ya mto Niger. Angali mtoto alinyang'anywa kwao akauzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akawatibu watu wa pwani ya Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Mtu yule alikuwa na sababu ya kuchoma dunia nzima kwa hasira. Machungu yale aliyazika, na juu yake wagonjwa wakapata uzima.

Ndugu wapenzi, leo mtakaporudi nyumbani mtaziona nyasi njiani. Kiangazi kikija, wengine watazitia moto. Moshi utaonekana toka mlima mpaka mlima, na asubuhi upepo utayachukua majivu. Twawaomba jambo moja dogo. Kila mmoja achague shida yake moja, aitazame kama mama yule alivyozitazama nyasi, aulize "Kwa nini?", kisha afanye matuta yake matano kabla ya giza. Na kama yuko jirani mliyemnong'onia kwa sababu shamba lake limestawi, vukeni kijito mkamwamkie.