Mazoezi ya Mgongo na Tumbo kwa Watu wa Kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Changamwe, Likoni na Kisauni)



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya mgongo, na sababu yake yajulikana. Hakuna hata mmoja hapa asiyemjua mtu aliyekuwa hodari wa mizigo, na leo kuinama kufunga viatu ni taabu. Vijana wetu nao wameanza mazoezi mitaani, kila mmoja afanya alilomwona mwenziwe akifanya. Wanatuuliza: katika hayo yote, lipi lafaa mtu wa kazi?

Kabla ya kujibu twataka neno moja lieleweke, tusije tukapeleka silaha upande wa pili. Mzigo uliopita kiasi dawa yake si zoezi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilitoa Mkataba Na. 127 juu ya uzito wa mizigo, na pamoja nao Pendekezo Na. 128, lisemalo kwamba mahali mwanamume mzima anapobebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe kupunguza. Sasa pigeni hesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90. Na lumbesa la sokoni Kongowea, lile lililoshonewa kilemba juu, nani hulipima? Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo yakataza mtu kubebeshwa mzigo wa kumdhuru. Basi bwana mkubwa akikwambia, "Fanya mazoezi upate nguvu," mjibu kwamba mazoezi utafanya, na gunia lipunguzwe.

Hata ule mshipi mpana wa kiunoni unaogawiwa mahali pengine badala ya mkokoteni, tusidanganyike nao. Mwaka 1994 taasisi ya serikali ya Marekani inayochungua afya ya kazini ilitazama habari zote zilizokuwapo, ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mshipi huo humkinga mtu mzima wa afya asiumie.

Haya, twende kwenye mwili. Uti wa mgongo ni mfano wa mlingoti wa jahazi. Mlingoti peke yake hausimami. Husimamishwa na kamba zilizokazwa mbele, nyuma na ubavuni. Kamba zetu ni misuli ya tumbo, ya mbavu, ya kiuno na ya matako. Kamba moja ikilegea, nyingine huvutwa mno. Wengi hudhani nguvu ya kiwiliwili ni tumbo lenye vifundo kama la mcheza ndondi. Sivyo. Kazi kubwa ya misuli hii si kuukunja mgongo, ila kuuzuia usikunjike wakati mikono na miguu inafanya kazi. Tena itakiwayo hasa ni stahamala, sio nguvu za mara moja. Hamali haumii kwa gunia la kwanza la asubuhi. Mara nyingi huumia misuli ikiisha kuchoka.

Kwa hiyo lile zoezi tulilofundishwa shuleni, la kulala chali, mwenzio akakushika miguu, ukainuka mpaka ukakaa, tunashauri mliache. Kila uinukapo pingili za kiuno hubanwa kwa uzito wa zaidi ya kilo 300. Mtu ambaye kutwa nzima ameinama juu ya magunia, ya nini tena kwenda kujikunja jioni? Hata jeshi la nchi kavu la Marekani, lililowapima askari wake kwa zoezi hilo miaka mingi, katika mtihani wake mpya wa mwaka 2022 liliwapima kwa kujishikilia juu ya viwiko.

Yako matatu ambayo Profesa Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyapendelea baada ya miaka mingi ya kupima migongo. Hayataki chombo, mkeka watosha. La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno ili kisilale bapa, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu, kama mtu anayechungulia mlangoni. La pili: lala ubavu, jiinue kwa kiwiko, mwili unyoke, asiyeweza akunje magoti. La tatu: piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha badili, na kiuno kisiyumbe. Shikilia kama sekunde kumi, uwe unapumua, kisha pumzika. Fanya mara sita, halafu nne, halafu mbili. Ukiona mwili unatetemeka, acha hapo. Hapana tuzo ya kujiumiza.

Lakini watu wa kazi si namna moja. Hamali wa Kongowea na msukuma mkokoteni wa feri mzigo wameshaupata. Hao wasiongeze vyuma vya kunyanyua, washike hilo la ubavu, na wajifunze kuinama kwa nyonga badala ya kiuno. Dereva wa lori au wa kreni yeye ameketi akitikiswa saa nyingi. Huyo zoezi lake la kwanza ni kushuka na kutembea dakika chache kabla hajagusa kitu kizito, maana mgongo uliokaa umejipinda haujawa tayari. Mama zetu wa viwanda vya nguo wameinamia cherehani: wasimame kila wapatapo nafasi, wanyooshe mikono juu, na jioni wafanye lile la tatu. Aliyejifungua karibuni amwulize mkunga kwanza. Na sote tukumbuke kwamba usiku vile visahani vya gegedu katikati ya pingili hunywa maji vikavimba, basi saa ya kwanza ya asubuhi si saa ya kujikunja. Wa zamu ya alfajiri mnatusikia?

Kuna waliosema siku hizi kontena zimemaliza ubebaji. Wazee waliogoma mwaka 1947 na 1955 walibeba kwa mabega, kweli, na leo kreni huinua. Ila kontena lafungwa melini kwa vyuma vizito juu ya kichwa cha mtu, na likifunguliwa godauni magunia hayajishushi.

Dalili nyingine si za mkeka kabisa. Mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka ama kujitokea wenyewe, mpelekeni mtu hospitali saa ile ile, hata iwe usiku wa manane. Na aliyeumia kazini, kabla hajaenda nyumbani ampashe msimamizi habari, iandikwe, na nakala ije kwa karani wa tawi. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yataka habari itolewe, na shauri bila karatasi hutupa shida kulisimamia.

Mikeka minne iko hapo nyuma. Atakayetaka kuonyeshwa lile la ubavu aje sasa, kabla feri hazijajaa watu.