MTANI WA MWALIMU NA AUBEBE MZIGO WAKE

(Mhadhara uliotolewa mjini Tabora mbele ya wazazi na walimu wa madrasa)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumzia jambo linalochekesha watu, nalo ni mwalimu. Nchi yetu imemcheka kwa muda mrefu. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, ulihitaji walimu wengi kwa haraka, na vijana waliomaliza darasa la 7 wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Wacheshi wakazisoma herufi zile kuwa ni "Ualimu Pasipo Elimu". Katika miaka ya 2000, sekondari za kata zilipoongezeka, ikafika zamu ya vijana wa kidato cha 6 waliopewa mafunzo ya wiki chache. Hao wakaitwa Vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu.

Wala kicheko hiki hakikuanzia kwetu. Waarabu wa zamani walikuwa na msemo wa kumfanya mwalimu wa watoto kipimo cha upumbavu. Al-Jahiz wa Basra (aliyefariki 255 H), ambaye itikadi yake ya Kimu'tazila hatuikubali, aliunukuu msemo huo kisha akauhoji: vipi uwahusu watu mfano wa al-Kisai, imamu wa nahau, naye alikuwa mwalimu? Na Ibn al-Jawzi wa Baghdad (aliyefariki 597 H), katika kitabu chake cha habari za wapumbavu na walioghafilika, aliwatengea walimu mlango wao. Akaeleza kuwa habari hizo humfanya msomaji aishukuru neema ya akili, ajihadhari, na aipumzishe nafsi.

Je, dini inasemaje? Surat al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya. Hukumu ya "Vodafasta" imo humo. Lakini Surat al-Jumua, aya ya 5, imewafananisha waliobebeshwa Taurati wasiifuate na punda aliyebeba vitabu. Mfano huo unamhusu mwenye elimu asiyeitendea kazi. Haumhusu kijana mwenye elimu ndogo anayejitahidi kuitoa.

Basi sisi walimu tuanze kujicheka wenyewe. Tumerudi na shahada zetu za Kiarabu; mtoto wa miaka 7 anatuuliza namna ya kutawadha, nasi tunamwekea kauli nne za wanavyuoni pamoja na dalili zake. Swala inakimiwa, mtoto bado hana udhu. Wengine bakora yao imefundisha miaka mingi kuliko wao. Na Muawiya bin al-Hakam (r.a.), aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua, alishuhudia katika hadithi ya Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana, na kwamba hakupata kumwona mwalimu bora kuliko yeye.

Sasa tuwageukie wazazi. Mji wetu huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita katika nchi za Wagogo na Wazaramo, na baina ya makabila hayo ukakaa utani. Mtani hukucheka mbele za watu, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini ukifiwa, yeye ndiye mwenye wajibu wa kuja kukuhudumia na kuchimba kaburi. Hatuungi mkono mizaha inayoyageuza maziko kuwa mchezo. Tunachokitaka kwenu ni ile haki iliyomo: anayekutania ana deni kwako.

Je, sisi tunamlipa mwalimu deni hilo? Siku ya kuchinja anaitwa "sheikh wetu", na siku ya ada anaitwa "yule ustaadhi". Akila pilau harusini, tunaihesabu kuwa mshahara wa miezi 3. Mzazi hununua salio la simu bila kuuliza bei, kisha hugombana na mwalimu kwa ada ndogo kuliko salio hilo. Mpagazi wa zamani alipatana ujira wake kabla ya kuinua mzigo. Mwalimu wa madrasa huinua mzigo kwanza, na ujira huambiwa upo kwa Allah. Ni kweli upo huko. Lakini mwenye duka la unga haukubali kwa mkopo. Ndiyo maana tunawaona walimu wakiyaacha majuzuu na kushika usukani wa bodaboda, na vyuo vinafungwa. Siku mtoto atakapokosa wa kumsomesha al-Fatiha, hapatakuwa na wa kucheka.

Ndugu zetu, tusitoke hapa kwa kicheko peke yake. Kila msikiti ukae na mwalimu wake, upatane naye ujira unaojulikana, na wazazi wautoe kwa wakati. Naye mwalimu aongeze elimu na apunguze bakora. Baada ya hapo tutaniane kwa ukweli, kwani Mtume (s.a.w.) alifanya mzaha na hakusema ila kweli.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa, na asitujaalie kuwa wabebaji wa vitabu tu. Amin.

Wabillahi tawfiq.