Kiwanda cha Fernald na Makapi ya Katanga



Wakulima wa Fernald, karibu na mji wa Cincinnati katika jimbo la Ohio, Marekani, waliishi miaka mingi jirani na kiwanda ambacho wengi wao walidhani kinatengeneza chakula cha mifugo. Jina lake lilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya malisho. Hata tangi lake la maji lilipakwa miraba ya rangi nyekundu na nyeupe, mfano wa nembo ya kampuni moja ya chakula cha wanyama. Kumbe waliolishwa ni vinu vya nyuklia. Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 hadi 1989, kiwanda hicho cha serikali kilisafisha urani na kuifanya vyuma vya kutumika katika vinu vilivyozalisha plutoni ya mabomu.

Siri ilifichuka mwaka 1984, ilipobainika kwamba karibu ratili 300 za vumbi la urani zilikuwa zimevuja kupitia vichujio. Visima vitatu nje ya ua navyo vilikuwa vimeingiwa na urani. Wakuu walilijua jambo hilo tangu 1981. Waliokunywa maji hawakuambiwa. Wananchi wakaenda mahakamani, na mwaka 1989 serikali ikakubali kuwalipa dola milioni 78.

Usafishaji wa eneo ulimalizika mwaka 2006 kwa gharama ya dola bilioni 4.4. Majengo yalibomolewa, taka hafifu zikafukiwa papo hapo, na mahali pale pakawa hifadhi ya nyasi, mabwawa na ndege. Maji yaliyochafuka chini ya ardhi yaliendelea kuvutwa kwa pampu miaka mingi baadaye.

Lakini taka kali kuliko zote, zilizokaa katika matangi mawili ya zege, asili yake ni Afrika. Zilikuwa makapi ya mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyochimbwa Wabelgiji walipoitawala Kongo. Makapi hayo yalichanganywa na saruji, yakafungwa katika makasha ya chuma, yakapelekwa Texas kuhifadhiwa. Je, shimo yalikotoka? Wakoloni waliuacha mgodi karibu na uhuru wa 1960. Baadaye wachimbaji wadogo waliingia kutafuta kobalti. Mwezi Januari 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji huo. Mwezi Julai mwaka huo huo mgodi uliporomoka na kuua watu, waliokuwa bado wakichimba kwa mikono yao.