Kipi Kiingie, Kipi Kiachwe: Jinsi Debian Inavyofunga Toleo Lake



Nimeombwa nieleze ni nani anayeamua kitakachokuwemo katika mfumo endeshi huria, na anaamua kwa vigezo gani. Nitajibu kwa kutumia mfumo mmoja tu, Debian. Mabishano yake hufanyika hadharani na kumbukumbu zake hazifichwi, kwa hiyo mtu anaweza kufuatilia uamuzi tangu ulipozuka hadi ulipopigiwa kura. Isitoshe, Ubuntu na mifumo mingine mingi tunayoifundishia imejengwa juu yake. Yanayoamuliwa huko yanatufikia hata sisi ambao hatujawahi kusakinisha Debian yenyewe.

Mradi huu ulianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993. Toleo la 13, linaloitwa trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi zaidi ya 69,000. Mtu akisikia idadi hiyo anaweza kudhani kwamba kila kinacholetwa kinapokewa. Sivyo. Toleo hilohilo lilitupa nje vifurushi zaidi ya 8,800 vilivyopitwa na wakati. Hoja nitakayoisimamia leo ni kwamba, ukishavuka suala la leseni, kinachoamua zaidi si ubora wa programu wala umaarufu wake. Kinachoamua ni kama yupo mtu wa kuijibia itakapoharibika.

Leseni kwanza

Debian ina Mkataba wa Kijamii uliopitishwa mwaka 1997, pamoja na miongozo ya kupima kama programu ni huria. Bruce Perens ndiye aliyeandika rasimu yake, na mwaka uliofuata miongozo hiyo ikawa msingi wa tafsiri rasmi ya programu za chanzo wazi duniani. Kinachotimiza masharti huingia katika sehemu kuu. Kisichotimiza huwekwa kando, katika sehemu ya visivyo huria ambayo Debian yenyewe inasema si sehemu ya mfumo wake.

Masharti haya yanashikiliwa kwa ukali ambao mgeni huweza kuuona kama kichekesho. Ipo leseni moja, iliyotumika kwenye msimbo wa kusomea data za JSON, inayomtaka mtumiaji aitumie programu kwa mema na si kwa maovu. Nani atapinga hilo? Debian ilipinga. Miongozo inakataza leseni kubagua aina ya kazi ambayo programu itafanyiwa, na hakuna mahakama iliyokubaliwa na wote ya kupima maovu. Msimbo ule ukahesabiwa kuwa si huria, na watunzaji wakatafuta mbadala wake.

Lakini funzo kubwa kuhusu leseni lilipatikana mwaka 2004. Aprili mwaka huo wasanidi walipiga kura kurekebisha Mkataba, na marekebisho yenyewe yakatambulishwa kuwa ya kiuhariri tu. Moja ya mabadiliko lilikuwa kuondoa maneno yaliyoufanya Mkataba usomeke kana kwamba unahusu programu peke yake. Anthony Towns, aliyekuwa msimamizi wa matoleo, akayasoma maneno mapya na kuyachukua kama yalivyoandikwa: kama masharti sasa yanahusu kila kitu, basi miongozo ya watumiaji nayo lazima iwe huria, na vilevile zile programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kadi za mtandao na vifaa vingine. Toleo la sarge, lililokuwa likiandaliwa wakati huo, lilikuwa limejaa vitu hivyo. Ikabidi kura nyingine ipigwe kuahirisha utekelezaji mpaka sarge litoke. Lilitoka tarehe 6 Juni 2005, karibu miaka mitatu baada ya lile lililotangulia.

Suala la miongozo ya watumiaji lilitatuliwa mwaka 2006, kwa kura iliyosema kwamba maandishi yaliyo chini ya leseni ya nyaraka ya GNU yanakubalika ikiwa hayana sehemu zilizopigwa marufuku kubadilishwa. Matokeo yake ni kwamba mwongozo wa Emacs, kazi ya GNU wenyewe, uko upande wa visivyo huria. Na Free Software Foundation, wazazi wa GNU, hawaitaji Debian katika orodha ya mifumo wanayoipendekeza, kwa kuwa Debian inahifadhi visivyo huria kwenye seva zake. Kila upande unamwona mwenzake hajatakata vya kutosha!

Suala la programu za ndani ya vifaa liliendelea kuuma kwa miaka mingi zaidi. Kisakinishi rasmi hakikuwa nazo. Ukichukua kompyuta mpakato isiyo na tundu la waya wa mtandao, ukaanza kusakinisha, kisakinishi hakiioni Wi-Fi. Na bila Wi-Fi huwezi kupakua kile kinachohitajika ili Wi-Fi ifanye kazi. Palikuwa na diski nyingine zisizo rasmi zenye kila kitu, ila ilibidi ujue kwamba zipo na ujue pa kuzitafuta. Aliyelifufua suala hili mwaka 2022 ni Steve McIntyre, mmoja wa waandaaji wa diski za Debian. Kati ya hoja zilizotolewa ipo ambayo mimi naiona ilitosha peke yake. Kompyuta mpya nyingi hazitoi sauti mpaka zipakiwe programu hizo, kwa hiyo mtumiaji asiyeona, ambaye husakinisha kwa kusikiliza, alikuwa anakutana na kimya tangu hatua ya kwanza.

Wasanidi walipiga kura mwaka huohuo. Chaguo lililoshinda liligusa Mkataba, kwa hiyo lilihitaji wingi wa tatu kwa moja, na likaupata. Tangu toleo la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023, kisakinishi ni kimoja na kina programu hizo. Zimetengewa sehemu ya pekee ili anayezikwepa aweze kuzikwepa. Wapo wanaosema Debian ilisaliti msingi wake. Nadhani wanakosea. Msimamo ambao mtu anautii kwa kushindwa kusakinisha haumwachi huru, unamrudisha kwenye mfumo aliokuwa anaukimbia. Ila uamuzi ulichelewa mno, na kwa hilo Debian wanapaswa kulaumiwa.

Nani atakijibia?

Kifurushi kipya au kilichosasishwa huanzia katika tawi lisilo thabiti, linaloitwa sid. Ni jina la yule mtoto mvunja vichezeo katika filamu ya Toy Story, kwani matoleo yote ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu hizo tangu Perens alipokuwa akifanya kazi Pixar. Kikikaa siku chache bila kuletewa ripoti ya hitilafu kubwa mpya, na vifurushi kinavyovitegemea vikiwa tayari, kinahamia tawi la majaribio. Huko ndiko toleo lijalo linakopikwa. Kikigundulika kuwa na hitilafu ya kiwango cha kuzuia toleo, na asitokee wa kuirekebisha, mtambo hutoa onyo kisha unakiondoa pamoja na vyote vinavyokitegemea. Vifurushi vya msingi tu ndivyo vinavyosamehewa. Utaratibu huu unaonekana wa kikatili, lakini mtu ambaye programu yake inakaribia kutolewa kwa sababu ya uzembe wa mwingine huamka na kwenda kurekebisha isiyo yake.

Halafu milango hufungwa. Kwa trixie, kufunga kulianza Machi 2025, kukakazwa Aprili, kukakazwa tena Mei, na toleo likatoka Agosti. Katika kipindi hicho, uzuri wa kipengele kipya haukusaidii kitu. Kinachopokewa ni marekebisho. Ubuntu wao huondoka kama basi la mkoani, Aprili na Oktoba, aliyechelewa atasubiri jingine. Debian huondoka hitilafu zinazozuia zikishapungua vya kutosha, ingawa kwa miaka mingi sasa imekuwa ikitoka kila baada ya miaka miwili hivi.

Mfano ambao wengi humu mtautambua ni VirtualBox, programu ya Oracle ya mashine pepe. Tunaitumia maabara, wanafunzi wanaipenda, lakini haimo katika toleo thabiti tangu Debian 9. Si kwa kukosa watumiaji. Oracle hawatoi maelezo ya kutosha kuhusu kila tundu la usalama, kwa hiyo watu wa Debian hawawezi kuchukua dawa ya tundu moja na kuipaka kwenye toleo la zamani ambalo wameahidi kulilinda kwa miaka. Debian ikaona ni afadhali kukosa kuliko kuahidi ulinzi usiowezekana. Naona walifanya haki. Mwalimu anayeihitaji aichukue kwa Oracle moja kwa moja, akijua kwamba masasisho ni juu yake.

Kompyuta za biti 32

Hili linatugusa zaidi, kwani shule nyingi za kwetu zinaendeshwa kwa kompyuta za mitumba. Toleo la 12 lilikuwa la mwisho kuwa na kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32. Katika trixie tawi la kompyuta hizo limebakizwa kwa kazi moja tu: kuendesha programu kongwe ndani ya mashine za biti 64. Hakuna kiini cha mfumo cha kulitumikia, hakuna kisakinishi. Hata katika kazi ile kubwa ya kuandaa saa za kompyuta kuvuka mwaka 2038, matawi mengine ya biti 32 yalibadilishwa, hili likaachwa, kwani kulibadilisha kungevunja zile programu kongwe ambazo ndizo sababu ya kulibakiza. Katika toleo hilohilo usanifu mpya wa RISC-V uliingizwa rasmi. Usanifu huu mpya una watu wanaoujengea na kuupima kila siku. Ule wa zamani una watumiaji, lakini watumiaji peke yao hawatoshi.

Hapa ndipo ninapotaka tujiulize. Debian ina takwimu za hiari za vifurushi vinavyotumika. Kisakinishi hukuuliza kama unataka kushiriki, na jibu lililotangulia kuwekwa ni hapana. Ukiunganisha hilo na maabara zisizo na intaneti, mashine zetu nyingi hazihesabiwi kabisa. Sasa soma maombi ya kuondoa vifurushi: mara kwa mara sababu zinazotajwa ni kwamba kifurushi hakina mtunzaji, waandishi wake wameacha kukiendeleza, na takwimu zinaonyesha watumiaji wachache. Takwimu peke yake haziui kifurushi, lakini zikiungana na uyatima, kimekwisha. Tafsiri nazo ziko hivyohivyo: zinahitaji mtu wa kuzitunza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuiweka OpenOffice katika Kiswahili mwaka 2004, kazi ya kupongezwa. Lakini kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya ya kutafsiri, na kazi hiyo haina mwisho.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu kwa wasimamizi wa maabara waliomo humu. Mkisakinisha kwenye mashine zenye intaneti, jibuni ndiyo mnapoulizwa kuhusu takwimu. Mkikuta hitilafu, iandikeni kwa programu ya reportbug, mtaje toleo na hatua mlizopitia, badala ya kuinung'unikia ofisini. Na kila chuo kitafute kifurushi kimoja kisicho na mtunzaji, kinachotumika katika masomo yake, na kukikabidhi kwa mwalimu na wanafunzi wake wawili. Toleo la 14, forky, linaandaliwa sasa, na milango yake bado haijafungwa.